Mkwe wa Laki Mbili na Themanini

Mnada wa kanisani una adabu zake, na ya kwanza ni kwamba mtu haendi pale kutafuta bei ya chini. Waumini wanaleta mazao yao, ibada ikiisha yananadiwa nje, na wewe unanunua kuku wa elfu kumi na tano kwa arobaini, unapigiwa vigelegele, unarudi nyumbani umebarikiwa na mfuko mwepesi. Aikaeli alilijua hilo tangu utotoni, kwao Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Ila sasa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu kule Makumira, mkopo ulimlipia sehemu tu ya ada, na mnada ndio uliokuwa soko lake.

Jumapili hiyo ya Novemba, nje ya kanisa moja la Usa River, alisimama nyuma kabisa ya umati, amevaa gauni la njano lililopigwa pasi likanyooka, akisubiri. Mbinu yake ilikuwa kungoja mwisho. Mwanzoni watu wana moto. Baadaye jua linakuwa kali, watoto wanalia njaa, mzee wa kanisa anayenadi sauti inamkauka, na hapo trei ya mayai inaweza kuondoka kwa elfu sita. Mayai thelathini yangewatosha yeye na Maulida, mwenzake wa chumba, wiki mbili nzima.

"Elfu tano!" alisema trei ilipoinuliwa.

"Elfu tano kwa dada wa njano," mzee alinadi kwa uchovu. "Mayai ya kienyeji, jamani. Mnamtania Mungu?"

"Sita," Aikaeli aliongeza ili yaishe.

"Kumi!"

Sauti ilitoka upande wa kwaya ya wageni waliotoka mjini. Aikaeli aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, tai nyekundu, viatu vinang'aa kana kwamba havijawahi kukanyaga vumbi. Alimkata jicho la nguvu. Maskini, kijana yule alilielewa lile jicho vibaya, akadhani ni la kumchokoza.

"Kumi na tano!" aliongeza.

Watu wakaangua kicheko. "Kijana, hakuna anayeshindana nawe! Unajipandishia mwenyewe!"

"Basi ishirini na tano, tufunge. Na namzawadia yule dada wa gauni la njano."

Vigelegele vilipigwa. Akina mama walimsukuma Aikaeli mbele kama bibi harusi, akapokea trei yake huku masikio yakimuwaka moto. Kijana alimfuata hadi kwenye kivuli cha ukuta, tabasamu limemjaa uso mzima.

"Naitwa Hans. Natumaini nimekufurahisha."

"Asante, kaka Hans," alisema Aikaeli. "Ila bora ungeniachia kwa elfu sita, halafu ukanipa mkononi hiyo kumi na tisa."

Hans alicheka mpaka akashika ukuta. Aikaeli hakuwa anatania hata kidogo, lakini kicheko cha yule mtu kilikuwa kizuri, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshamtajia namba yake ya simu.

Ikawa simu asubuhi na simu jioni. Hans alikuwa fundi wa magari ya watalii katika gereji moja ya Elerai, mjini, kwao Machame, kifungua mimba, mwenye sauti ya pili kwenye kwaya na ya kwanza kwenye kulipa bili.

"Malkia wangu, umekula nini leo?"

"Mayai."

"Na jana?"

"Mayai. Hans, hayo ni mayai ya elfu ishirini na tano, lazima niyaheshimu."

"Aika, wewe utaniua kwa kucheka."

Alimwita Aika, na jina hilo likitoka mdomoni mwake lilimfanya asahau alichokuwa anahesabu. Lakini kumpenda Hans kulikuwa na karaha zake. Kila Ijumaa na Jumamosi Aikaeli na Maulida walifanya kibarua kwenye shamba la maua: kupanga waridi kwa urefu wa shina, kukwanyua majani ya chini, kufunga ishirini ishirini, siku nzima wamesimama kwenye banda lenye baridi ya kuingia kwenye mifupa. Malipo elfu nane kwa siku. Sasa siku ya Valentino Hans akatokea Makumira, jaketi jeusi, marashi yanatangulia, na mkononi ameshika nini? Waridi.

"Umenunua bei gani?" Aikaeli aliuliza kabla hata ya kusalimia.

"Mpenzi, zawadi haiulizwi bei."

"Hans, bei gani?"

"Elfu ishirini tu."

Aikaeli alikaa chini kwenye ngazi. Alitaka kulia, kisha akataka kucheka, kisha akataka kulia tena. Siku mbili na nusu za kibarua zilikuwa zimefungwa pale kwa utepe mwekundu, tena zilikuwa zimefungwa vibaya, majani ya chini hayajakwanyuliwa. Maulida, mtoto wa mjini aliyelelewa kwenye duka la vitenge la mama yake, alichungulia mlangoni akasema, "Shemeji, siku nyingine leta mchele." Hans akaahidi mchele, na kweli wiki iliyofuata akaleta, kilo kumi, wa Kyela, wa bei kubwa kuliko wote sokoni.

Mipango ya Aikaeli ilikuwa hivi. Bumu, ile posho ya mkopo, lilikwenda kwenye kodi, chakula na fotokopi. Hela ya maua haikuguswa, yote ilikuwa ya ada. Salio la ada lilikuwa laki nne na ishirini, na asiyemaliza kulipa hapewi kibali cha mtihani. Wiki moja elfu kumi na sita, kwa hiyo kufikia mwisho wa Juni angekuwa amemaliza, mradi asiugue, asikose siku na simu isiite.

Simu ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Kule kwao watu waliamini kwamba aliye chuo kikuu analipwa mshahara. Baba mdogo alipiga kwa ajili ya pampu ya kumwagilia nyanya, shangazi kwa ajili ya mbegu, binamu kwa ajili ya vocha. Na Aikaeli hakujua kudanganya. Akisema "sina" sauti inatetemeka, anayeomba anausikia mtetemeko, anangoja kidogo, na elfu kumi inakwenda.

Hans alilishuhudia hilo mara ya kwanza mapema Desemba, walipokuwa Kwa Mrombo, sahani ya mbuzi choma katikati yao, moshi unawapulizia machoni. Baba mdogo alipiga. Dakika tatu baadaye elfu kumi na tano zilikuwa zimeshavuka mlima.

"Aika, unajua kosa lako?" Hans alisema taratibu, akimfuta moshi machoni kwa leso yake. "Hela iko kwenye simu yako. Huwezi kusema huna wakati unayo. Ziweke kwangu. Kila Jumamosi ukilipwa, nitumie. Wakipiga, sema sina, na itakuwa kweli."

"Na wewe hutazigusa?"

"Nife leo."

Moyo wa Aikaeli ulitulia kwa mara ya kwanza tangu chuo kifunguliwe. Wengine wanapendwa kwa nyimbo. Yeye alitaka mtu wa kumlinda na sauti yake mwenyewe inayotetemeka, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake akimchagulia minofu.

Ikafanya kazi vizuri sana. "Sina, baba mdogo," alisema, na sauti haikutetemeka. "Sina, shangazi." Mwezi wa pili mama yake alipiga akiomba elfu kumi na tano za dawa za presha za baba. "Sina, mama," alisema Aikaeli. Wala hakuwa anadanganya. Usiku ule hakupata usingizi, lakini hela ilibaki.

Mara moja tu simu yake iliishiwa chaji, akampigia mama kwa simu ya Hans. Mama akaihifadhi ile namba. Akina mama ndivyo walivyo.

*

Katikati ya Juni, wiki tatu kabla ya mitihani, Aikaeli alikuwa anafua uani mama alipopiga. Sauti yake ilikuwa ya sherehe.

"Mwanangu, Mungu amekuona! Kijana gani huyu umempata?"

"Kijana gani, mama?"

"Unanificha mimi? Hans! Nilimpigia mwezi uliopita kumsalimia tu. Unajua ile send-off ya Princess, mtoto wa baba yako mkubwa Elieza, ya kumuaga kabla ya harusi. Kila jioni kamati inatuma orodha kwenye kundi la WhatsApp, jina, ahadi, kilichotolewa. Jina langu mimi limekaa pale na sifuri, wiki nne, Aika! Mke wa Elieza ananiulizia hali yangu kama mgonjwa. Basi nikamwambia Hans, mkwe wangu, nimekwama."

Aikaeli alisimama na povu mkononi. "Ukamwambia mkwe."

"Sasa nimwite nani? Hakuuliza hata mara mbili. Laki mbili za mchango, na themanini za sare na fundi. Laki mbili na themanini! Kitenge cha zambarau, kimenikaa utadhani nimezaliwa nacho. Nimekaa kimya nikidhani atakuambia mwenyewe, kumbe mtoto ana heshima, anatoa kimya kimya. Huyo ana moyo, mwanangu."

Ndoo ilikuwa inafurika. Aikaeli aliiona inafurika na hakufunga bomba. Alipiga hesabu haraka, maana hesabu ndiyo lugha aliyoizoea mwaka ule: kwa Hans alikuwa ameshapeleka laki tatu na tisini. Kama Hans angekuwa na laki mbili na themanini zake mwenyewe mwezi wa tano, wakati mvua zimefukuza watalii na gereji inalipa nusu mshahara, basi nyani nao wangekuwa na akaunti benki.

"Aika, uko hapo? Si ni kweli ana moyo?"

Na afanye nini? Aseme hizo ni zangu? Mama angeuliza tangu lini, na kwa nini ziko kwa mwanaume wa nje, na mbona ulisema huna. Mtego ulikuwa wake mwenyewe, kaufuma kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama," alisema, meno yamekutana. "Ana moyo."

Hakumaliza kufua. Alipanda gari kwenda mjini na kandambili miguuni, hadi Elerai. Hans alikuwa chini ya Landikruza, miguu tu inaonekana. Aliijua hatua yake, akajivuta nje, ovaroli imelowa oili, tabasamu tayari. Alipouona uso wake, tabasamu likafa.

"Hela zangu zimefika ngapi, Hans?"

"Aika, twende tuongee nje..."

"Jumamosi nilikuuliza, ukasema zipo. Ngapi?"

Mafundi wenzake wawili waliacha spana zao. Hans alijifuta mikono kwa tambara, muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Laki moja na kumi."

"Mama yangu amenipigia kukusifia. Nimesimama uani nakusifia na mimi! Nimemficha mama yangu mzazi hela, nikazileta kwako asizione, na wewe umezichukua ukampelekea yeye!"

"Aliniita mkwe," Hans alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kuniita hivyo. Ningesemaje sina? Angenionaje?"

"Angekuona huna! Kama mimi! Nilisema sina wakati baba yangu anahitaji dawa, Hans. Wewe umeshindwa kusema sina kwa ajili ya kitenge?"

"Nilijua nitazirudisha kabla hujajua. Safari zimeanza, magari yanaingia..."

"Mitihani wiki tatu. Utazirudisha lini, nikishafukuzwa mlangoni?"

"Nilitaka wanipende kwenu."

"Kwa hela zangu!"

Sauti yake iligonga mabati, ikarudi. Fundi mmoja akanong'ona, "Oya, hii noma." Aikaeli alitaka kumpiga Hans na tambara lake lenye oili. Kibaya zaidi, alitaka pia kumfuta lile doa lililokuwa shavuni, na hilo lilimkasirisha kuliko mengine yote. Aligeuka akaondoka, na alipofika barabarani alimblock.

*

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za kero tupu. Hans, kwa kuwa amefungiwa, alituma laki na kumi iliyobaki kupitia simu ya Maulida, na ujumbe juu yake: "Mwambie nakula mara moja kwa siku."

"Mwambie hiyo ndiyo bajeti," Aikaeli alijibu bila kuinua macho kwenye kitabu.

"Namwambia," Maulida alisema, akaandika kitu kirefu zaidi, kisha akamgeukia. "Shoga, unampenda?"

"Nampenda. Ndiyo maana nimechukia hivi."

"Na mama yako je? Mpigie useme, zile ni zangu, naomba zirudi. Sentensi moja."

"Huwezi kuomba mchango wa send-off urudi, Maulida. Hakuna aliyewahi. Watamcheka mpaka kaburini."

"Basi wewe utacheka nini siku wenzako wanaingia kwenye mtihani?"

Aikaeli alifunga kitabu. Alikwenda kwa mhasibu wa chuo kuomba muda. Mhasibu alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwa upole uleule kwamba haiwezekani. Alimwomba msimamizi wa maua siku za ziada, akaambiwa oda zimepungua. Usiku aligeuza hesabu zake juu chini. Laki na kumi, na elfu thelathini na mbili za wikendi mbili, ukitoa elfu mbili za nauli ya Elerai. Hata angelala njaa mpaka mwezi ujao, bado ni pengo la laki mbili na themanini wala si shilingi moja pungufu. Alichoka kuwa na akili za fedha kuliko watu wote anaowapenda. Alichoka kabisa.

Jumanne, siku sita kabla ya mtihani wa kwanza, alfajiri, mlango uligongwa. Alifungua, akamkuta mama yake amesimama na mkoba, kanga mbili mabegani kwa ajili ya baridi, viatu vina tope la Ngarenanyuki.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Baba?"

"Marahaba. Baba yako mzima. Sogea nikae."

Maulida alisalimia, akachukua ndoo, akakumbuka ghafla kwamba ana maji ya kuchota mbali sana.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaangalia vitabu, jiko la gesi la mtungi mdogo, trei tupu ya mayai. "Hans alikuja juzi baada ya ibada," alisema. "Kwa pikipiki, na ile mvua. Amekuja kuungama na kilo mbili za sukari, mkate na mche wa sabuni. Sijawahi kuona. Amesimama katikati ya sebule anachuruza maji, akasema, mama, zile hela hazikuwa zangu, zilikuwa ada ya Aikaeli. Baba yako akatoka nje. Mimi sikujua nimfukuze au nimpe taulo. Nikampa chai kwanza."

Aikaeli alihisi joto linampanda shingoni. "Hakuniuliza kama aseme."

"Hapana, hakukuuliza. Na wewe hukuniambia. Sasa nikuulize mimi." Mama alimtazama. "Siku zote uliponiambia huna, ulikuwa nazo?"

"Ndiyo, mama."

"Hata ile ya dawa za baba yako?"

Hapo hapakuwa na pa kujificha. "Hata ile."

Mama alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. Nje jogoo wa jirani aliwika mara mbili. Aikaeli alitamani apigwe kofi, yaishe.

"Kwa nini, Aika?"

"Ungeniomba, mama, na mimi siwezi kukukatalia."

"Ningekuomba, ndiyo. Mimi ni mama yako, nisikuombe wewe nimwombe nani? Na wewe ungesema, mama, ninazo lakini ni za ada, sikupi. Ningenuna. Siku mbili ningenuna." Sauti yake ilikatika kidogo, akaikaza. "Siku mbili tu, mwanangu. Umenikwepa miezi saba kwa sababu ya siku mbili."

Aikaeli alilia. Alilia kwa hasira na kwa aibu, akiwa amesimama vilevile, na mama hakumnyamazisha. Kisha mama alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kitabu cha saikolojia.

"Laki mbili. Jana nilikwenda kwa Elieza, kamati imekaa, nikawaambia naomba mchango wangu."

"Mama! Uliomba urudishwe?"

"Nilisimama nikaomba. Mhazini alidhani hajasikia, nikarudia. Mke wa Elieza akasema, shemeji, nyumbani kuna njaa? Nikamwambia hapana, kuna mwanafunzi." Mama alifunga mkoba. "Sare siwezi kuirudisha, imeshashonwa. Nitaivaa kwenye mahafali yako, na uhakikishe yapo. Kwenye send-off siendi, watanicheka vizuri zaidi nisipokuwepo."

Zilibaki elfu themanini. Jioni ile Aikaeli alimfungulia Hans simu, na ilikuwa haijapita dakika ikaita.

"Aika? Aika, ni wewe?"

"Uliwahi kumwona mama yangu analia, Hans?"

"Hapana."

"Mimi leo nusura. Elfu themanini zimebaki. Unazo?"

Aikaeli alimsikia anavuta pumzi, akamsikia anakaribia kusema ndiyo, ile ndiyo yake ya siku zote ya kuwafurahisha watu.

"Sina," alisema Hans. Sauti ilimtetemeka. "Nina arobaini na tano. Ijumaa bosi analipa, nitamalizia. Nikikuambia ninazo leo nitakuwa nakudanganya."

Aikaeli alijiegemeza ukutani. Alikuwa amemsikia Hans akisema maneno matamu ya kila aina, malkia na asali na roho yangu, lakini hakuna lililowahi kumwingia kama lile. Ijumaa saa nane mchana zile thelathini na tano ziliingia. Saa tisa alisimama dirishani kwa mhasibu, na saa kumi alikuwa na kibali mkononi, kikaratasi chembamba kisicho na thamani kwa mtu mwingine yeyote duniani.

*

Siku ya mtihani wa mwisho alitoka ukumbini vidole vina wino, kichwa kitupu. Hans alikuwa amesimama nje ya geti, shati la bluu, amepungua mashavu, mikono nyuma. Hawakuwa wameonana tangu siku ya gereji. Wanafunzi walipita wakipiga kelele za likizo. Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni, na upepo wake wa Julai ulikuwa unauma.

"Umefanyaje?"

"Nimejibu yote. Sijui kama ni majibu." Alimwangalia mikono. "Umeficha nini nyuma?"

Hans alionyesha viganja vitupu. "Nilipita kwenye duka la maua. Nikapita tu."

Aikaeli alicheka bila kutaka. Walitembea pembeni ya barabara, kwanza mbalimbali, kisha bega kwa bega.

"Bado nimekukasirikia," alisema Aikaeli.

"Najua."

"Nitakasirika kwa muda. Sijui muda gani. Na hela zangu nitashika mwenyewe, mpaka nazeeka. Anayeomba nitamwambia ninazo, sitoi. Mama nimeshamwambia mara moja, ya vocha."

"Ikawaje?"

"Amenuna. Leo siku ya pili."

Hans alicheka kicheko chake kile, kisha akasimama, na safari hii uso wake haukuwa na mzaha. "Aika, mimi nakupenda. Nimekosa, na nimekosa kwa kutaka kuonekana. Nataka nije kwenu sawasawa. Nije na wazee wangu, tujitambulishe, nitoe posa. Unanikubali?"

Aikaeli naye alisimama. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu mwaka jana, na alikuwa amejiapiza siku ya gereji kwamba akilisikia atalikataa. Alimtazama yule mtu mrefu, mkarimu, mjinga, aliyevuka mlima kwa mvua kwenda kujiaibisha.

"Wazee baadaye," alisema. "Kwanza njoo peke yako. Jumapili."

"Jumapili! Nitakuja. Niwaletee nini? Mama anapenda..."

"Usilete kitu."

"Namaanisha kidogo tu, kifurushi."

"Hans. Uje mikono mitupu."

Hans alimwangalia kama mtu aliyeambiwa aende kwa wakwe bila suruali. Kwao Machame na kwao Ngarenanyuki, tangu babu na babu, hakuna kijana aliyewahi kufika nyumbani kwa msichana hivyo.

"Hata sukari?"

"Hata sukari. Hata soda ya watoto. Mama anaijua mikono yako, Hans, wewe bado hakujui. Ukae kwenye kochi, unywe chai yetu, uongee na baba habari za nyanya, uondoke. Ukiweza hilo, walete wazee wako hata kesho yake."

"Watanifikiriaje, Aika?"

"Ndicho ninachotaka kukijua."

Hans alivuta pumzi ndefu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ile baridi yote. Aliingiza mikono mfukoni, akaitoa, akaitazama.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane, baada ya ibada," alisema Aikaeli, akamshika mkono.